Mche Mmoja, Shimo Moja
Maneno kwa watu wa vijiji vya kando ya Lubumbashi

Wababa na wamama, sikilizeni habari ya mpunga.

Vijana wengi wanakwenda kwenye migodi, na mikono ya shamba inapungua. Lakini mjini watu wanakula wali, na mchele mwingi unatoka mbali. Kwa nini bonde letu lilale bure?

Mwaka 1983, katika kisiwa cha Madagaska, Padri Henri de Laulanié aliona jambo hili: mche mchanga, ukipandwa peke yake, unazaa machipukizi mengi kuliko miche mizee iliyopandwa kwa mafungu. Wakulima wa Mwea, nchi ya Kenya, walianza kupanda hivyo mwaka 2009.

Fanyeni hivi. Ng'oeni miche ya siku 8 mpaka 12 pamoja na udongo wake. Pandeni upesi, mmoja katika kila shimo, kwa mistari, mkiacha santimetari 25. Maji yasisimame siku zote. Acheni udongo ukauke kidogo, mizizi ipate hewa.

Mtasema: "Shamba ni tupu!" Ngojeni mwezi mmoja. Hektari moja inataka mbegu kilo 5 mpaka 10 tu. Zinazobaki ni chakula cha watoto.

Kazi ipo: magugu yataota sana. Palilieni baada ya siku 10, tena kila siku 10. Na maji yaliyooshea madini yasiingie shambani kabisa, yana sumu.

Jaribuni kwanza kipande kidogo, pengine limeni kama zamani. Siku ya kuvuna pimeni vikapu vya kila upande, halafu mchague wenyewe.