Kumwandaa Kijana kwa Kazi ya Taa za Jukwaani

Mazungumzo ya Ofisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wazazi na vijana wa kata



Nimeombwa nizungumzie kazi ambayo wengi huyaona matunda yake bila kumwona mtendaji wake. Mwimbaji anapopanda jukwaani, awe wa taarabu, wa singeli au wa kwaya, yupo mtu gizani anayeamua uso wake uonekane lini na kwa rangi gani. Huyo ndiye fundi wa taa. Wamo miongoni mwetu vijana wanaoitamani kazi hiyo, na wamo wazazi wanaoiita uhuni wa usiku. Nawaelewa wote.

Kijana anayeitaka kazi hii aanze na umeme. Plagi zetu za kawaida hubeba ampea 13, ambazo kwa umeme wa volti 230 ni wati 2,990. Taa za zamani za jukwaani, zile zinazofanana na kopo kubwa, nyingi hula wati 1,000 kila moja. Ukichomeka mbili kwenye plagi moja, na waya ukiwa mnene wa kutosha, umo ndani ya mpaka. Ya tatu imevuka. Asiyeijua hesabu hiyo fyuzi ikikatika huweka kipande cha waya mahali pake, na moto huanzia hapo. Taa za LED hula umeme kidogo zaidi, lakini zisimsahaulishe mtu: jukwaa la chuma lililolowa mvua, huku waya wa ethi umekatwa, huua vilevile. Taa iliyoning'inizwa juu ya vichwa vya watu nayo lazima iwe na kamba ya pili ya chuma, ili kishikizo kikilegea isianguke.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni VETA, fani ya umeme. Aliyekwisha kujifunza mtaani kwa kubeba nyaya za wakubwa wake asijidharau. VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini. Anayependa sanaa yenyewe aulizie Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, ambayo mizizi yake ni Chuo cha Sanaa kilichoanza mwaka 1981. Mabinti pia nawahimiza. Sioni sababu ya kazi hii kuachiwa wavulana.

Kuhusu meza ya kuongozea taa, tangu 1986 upo utaratibu mmoja, DMX512, unaowezesha meza ya kampuni moja kuamrisha taa za kampuni nyingine. Waya mmoja hubeba njia 512, na kila taa hupewa namba yake ya kuanzia. Programu ya bure iitwayo QLC+ humwezesha kijana kuzoea mambo haya kwenye kompyuta ya kawaida, hata kabla hajamiliki taa moja.

Najua swali la mikopo litakuja. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya vikundi, na katika hiyo asilimia 4 ni ya vijana. Maelezo yako kwa Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Hata hivyo, sishauri kikundi kikope kununua taa kabla hakijafanya kazi chini ya fundi kwa msimu mzima. Taa hukodishwa, deni halikodishwi.

Nanyi wazazi, kumzuia kijana hakutasaidia, kwani ataondoka bila kuaga. Mwulizeni mwenye vyombo: ujira ni kiasi gani, na unalipwa siku gani? “Anajifunza” ni jibu la wiki ya kwanza, si la mwaka mzima. Nani atamtibu akianguka kutoka kwenye ngazi? Na jukwaa likivunjwa saa tisa usiku, atarudi nyumbani kwa usafiri gani? Majibu yaandikwe kwenye karatasi, pande zote zitie saini, na nakala moja ibaki nyumbani.