MAZIWA YA NG'OMBE ALIYEPIGWA SINDANO
(Hotuba kwa wanachama, Kericho)



Leo hatukuja kusema habari za mshahara. Twataka kusema habari za maziwa, ambayo mshahara huo huyanunua kila asubuhi. Hapa Kericho na Bomet wengi wetu tukitoka kazini twakamua ng'ombe mmoja au wawili. Wengine hatuna hata mbuzi, twanunua kwa jirani. Basi neno hili latuhusu sote, muuzaji na mnunuzi.

Ng'ombe akivimba kiwele hupigwa sindano ya penisilini au dawa nyingine ya kuua vijidudu. Dawa hiyo ni njema, lakini hutoka pamoja na maziwa kwa siku kadhaa. Ndiyo sababu chupa ya dawa huandikwa siku za kungoja kabla ya kuuza maziwa. Mtu asipongoja, maziwa ya ng'ombe mmoja huchanganywa na ya wengine, na pipa zima huharibika.

Wako wasemao, "Tutayachemsha." Kuchemsha kwaua vijidudu, lakini hakuondoi dawa. Akina mama watengenezao mursik waweza kuona jambo hili: maziwa yenye dawa nyingi hukataa kuganda kibuyuni, kwa sababu dawa imeua vijidudu vyema vinavyoyachachusha.

Hasara ni mbili. Kwanza, yuko mtu ambaye mwili wake haupatani na penisilini. Aweza kuugua kwa kikombe kimoja. Pili, vijidudu huzoea dawa. Bwana Alexander Fleming, aliyeivumbua penisilini mwaka 1928, alionya hivyo mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel. Mwaka 2019 watu zaidi ya milioni moja duniani walikufa kwa vijidudu vilivyoshinda dawa.

Tena iko sumu ya madini. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilieneza risasi katika kijiji. Bibi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanya kazi wa kiwanda hicho, aliona mtoto wake akiugua, na risasi ikapatikana katika damu ya mtoto. Alisimama na majirani zake. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Nasi huku tusitupe betri wala makopo ya rangi malishoni. Ng'ombe hulamba, na risasi huingia maziwani. Risasi hudhuru akili za watoto, na hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa salama.

Ndugu, twajua kumwaga maziwa ya siku tatu ni kumwaga ada ya shule. Kwa hiyo twaiomba kamati yetu mambo matatu. Izungumze na vyama vya ushirika, ili mtu asemaye wazi, "Maziwa yangu leo yana dawa," asipoteze nafasi yake. Imwite daktari wa mifugo atufundishe kusoma chupa. Na maziwa yanunuliwayo kwa chai ya wafanya kazi yapimwe kwanza.

Na kila mmoja wetu amwulize jirani kabla ya kununua: "Ng'ombe amepigwa sindano lini?" Swali hilo si matusi. Watoto wanywao maziwa hayo ni wetu sote.

Umoja ni nguvu.