Siku Ngapi Hadi Maji?

Msikilizaji wa Kanyenye, Isevya, Ng'ambo na Gongoni hapa Tabora, na wewe wa Sikonge au Urambo unayetusikiliza huku ukichambua mboga, sogea karibu. Leo tunazungumzia kuipanga nyumba kabla ya msukosuko. Sisemi msukosuko gani. Unaweza kuwa ukame, mafuta kupanda bei, ugonjwa, vurugu, au mshahara mmoja tu unaotegemewa na watu saba kukatika. Sikuja kukutisha. Kama kuna daftari la mtoto lenye kurasa zilizobaki, livute karibu, pamoja na kalamu.

Nianze na barabara, maana mji huu umezaliwa na barabara. Pembe zilitoka Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nguo na shanga zikapanda kutoka Bagamoyo, vyote vikakutana hapa Unyanyembe. Wapelelezi wa Kiingereza, Burton na Speke, walipoingia Kazeh, yaani hapahapa, Novemba 1857, walikuwa njiani zaidi ya miezi minne tangu pwani. Na wapagazi mashuhuri wa njia ile walikuwa Wanyamwezi, watu waliobeba frasila mbili begani, yaani karibu kilo 32, siku baada ya siku.

Sasa basi, kati ya Ugogo na Tura, pale Unyamwezi unapoanzia, palikuwa na pori waliloliita Mgunda Mkali. Leo treni inapita upande ule wa Itigi na abiria wamelala fofofo. Enzi hizo lilikuwa pori la miiba, na kutoka kisima hadi kisima ilikuwa kazi. Msafara ulilivuka kwa mwendo walioutaja kwa neno moja: tirikeza. Asubuhi hawaondoki. Wanapika, wanakula wakashiba, wanakunywa, wanajaza vibuyu. Jua likishapinda, wanajitwika mizigo, wanatembea hadi giza liwakute, wanalala palepale pakavu pasipo tone la maji. Alfajiri wanaamka na kufika kisima cha pili kabla jua halijawa kali. Pengo la kutwa nzima bila maji limegawanywa vipande viwili, na usiku umewekwa katikati.

Ninapenda sana akili hiyo. Begani mwa mpagazi mlikuwa na nguo na shanga za kununulia ng'ombe, lakini shanga hazinyweki. Kwa hiyo swali lake halikuwa "nina mali kiasi gani?" Swali lilikuwa "siku ngapi hadi maji?" Na ndilo swali ninalotaka uliandike juu kabisa ya ukurasa wako. Tumezoea kuhesabu akiba kwa shilingi. Jioni ya leo hesabu kwa siku.

Tuchukue nyumba ya watu sita. Maji ya kunywa na kupikia tu, bila kufua wala kuoga, tuseme lita tano kwa kila mtu. Hiyo ni lita 30 kwa siku, dumu moja na nusu. Siku tatu ni lita 90, madumu matano yasiyojaa sana. Je, nyumbani kwako sasa hivi, saa hii ninapoongea, kuna madumu matano yenye maji safi na vifuniko vyake? Sisi wa Tabora tunayakumbuka mambo ya kulala foleni na ndoo. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike mjini tumejisahau, na madumu mengi niyaonayo mitaani siku hizi yamegeuzwa viti vya kibarazani. Bomba likipasuka Jumamosi, nyumba hiyo ina siku sifuri. Andika sifuri, hakuna anayekuona.

Chakula nacho kina hesabu yake. Mtu mmoja akila gramu 400 za nafaka kwa siku, watu sita wanakula kilo mbili na gramu 400. Gunia la kilo mia moja litawafikisha siku 41. Wengi hushangaa hapa, kwa sababu gunia likisimama kwenye kona ya chumba linaonekana kama mwaka mzima. Mwezi na siku kumi tu. Na hiyo ni kama gunia lenyewe halina mpangaji.

Mpangaji huyo ana historia yake hapa kwetu. Mwaka 1981 wataalamu walimtambua mkoani Tabora mdudu ambaye hakuwahi kuonekana kabla ya hapo Afrika, asili yake Amerika ya Kati. Anatoboa mahindi, anatoboa makopa ya muhogo, hata mbao anazitoboa, anaacha unga mtupu. Kwa Kiswahili anaitwa dumuzi, lakini wakulima walimbatiza jina la lori lililovuma enzi hizo: Scania. Ukisikia mzee anasema "mahindi yangu yalibebwa na Scania," usidhani aliyauza. Kutoka kwetu akasambaa nchi nyingi za bara hili. Kwa hiyo, msikilizaji wa Tabora, wewe huna kisingizio cha kuweka akiba ya mahindi bila kinga.

Kwanza yakauke kweli. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi hadi robo, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana unyevu, yarudishe juani. Ikiteremka yote chini, yafungashe. Mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje, inamnyima mdudu pumzi na huhitaji dawa. Funga nailoni ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, ndipo ufunge kiroba. Na usiifungue kila jioni kuonja. Tenga gunia la kula na gunia la kungoja.

Bibi yangu hakuwa na nailoni. Alikuwa na michembe na matobolwa. Kwa wageni wa mkoa: viazi vitamu vikikatwa vibichi na kuanikwa, hiyo ni michembe; vikichemshwa kwanza ndipo vikatwe na kuanikwa, ni matobolwa. Mwezi wa sita na wa saba paa la nyumba yake na mawe yote ya uani yalijaa vipande hivyo, na sisi wajukuu tulikuwa askari wa kufukuza kuku. Askari tulikula tukiwa kazini, lakini hayo tuyaache. Vilivyobaki viliingia kwenye kihenge, na juu ya figa, kwenye moshi, zilining'inia mbegu za msimu ujao. Mbegu hizo hakuruhusiwa mtu kuzigusa, hata kama sufuria iko tupu. Alizipa mahali pazo kabla njaa haijaja kubishana naye. Akiba ya mkulima inayokula mbegu si akiba, ni kuhamisha njaa kutoka mwezi wa pili kwenda mwaka unaofuata.

Tuje kwenye fedha, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Mwaka 1871 mmisionari David Livingstone alirudi Ujiji amechoka, anaumwa, akitegemea bidhaa alizokuwa ameagiza zimngoje huko. Akakuta zimeuzwa zote na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza. Siku chache baadaye ndipo mwandishi wa habari Stanley, aliyekuwa akimtafuta, akatokea. Tunakisimulia kisa hicho kwa ajili ya kukutana kwao, mimi nakikumbuka kwa ajili ya ghala. Mali yote ilikuwa mahali pamoja, kwa mtu mmoja.

Wafanyabiashara wa msafara walilijua hilo. Walibeba merikani, yaani kitambaa cha pamba kutoka Marekani, kaniki, shanga za rangi mbalimbali na nyaya za shaba, kwa sababu shanga iliyopendwa na kijiji kimoja ilikataliwa na kingine. Wamarekani walipopigana wao kwa wao, 1861 hadi 1865, merikani iliadimika ikapanda bei Unguja, na vita vya watu walio ng'ambo ya bahari mbili vikagusa mzigo wa mpagazi wa Unyanyembe. Usiseme mambo ya dunia hayafiki Kanyenye. Yamekuwa yakifika kwa miguu.

Kuna jambo jingine lililotokea mjini hapahapa. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliotutawala wakiwa wamezingirwa na fedha zimewaishia, walitengeneza sarafu Tabora kwa mitambo ya reli: heleri ishirini za shaba nyeupe na nyekundu, na rupia kumi na tano za dhahabu zenye picha ya tembo. Walikuwa pia wamechapa noti za dharura. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia mjini. Aliyekuwa na ile ya tembo alibaki na dhahabu yake. Aliyekuwa na karatasi alibaki na karatasi ya serikali iliyoondoka.

Najua unachowaza: basi fedha tuzichimbie chini ya kitanda. Hapana. Kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, Benki Kuu ilitoa muda wa kubadilisha noti za matoleo ya zamani, ya 1985 hadi 2003. Aliyechelewa kufukua mtungi wake amebaki na picha. Lakini nako kuweka kila senti kwenye simu si salama. Kuanzia siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Mimi mwenyewe mwaka mwingine nilisimama dirishani kwenye zahanati fulani na mtoto mwenye homa mgongoni, salio lipo kwenye simu, mhudumu ananiambia "mtandao hauko sawa, baba, subiri." Aliyeniokoa ni muuza maandazi wa getini aliyenikopesha elfu nane. Tangu siku hiyo nina bahasha yenye noti za elfu moja na elfu mbili, matumizi ya siku saba, wala sizibadilishi kuwa noti kubwa. Siku ya shida hakuna mwenye chenji. Kiasi kingine kiko benki, kingine kwenye kikoba. Andika kwenye daftari: bahasha, siku ngapi? Simu, siku ngapi? Kikoba, nikiomba leo napata lini?

Mengine nitayapita haraka. Mwenye presha, sukari au anayetumia dawa kila siku, asingoje kufika kidonge cha mwisho ndipo aende kliniki. Ahesabu vidonge naye aandike siku. Vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na karatasi za kiwanja vikae kwenye mfuko mmoja wa nailoni, na nakala zake kwa ndugu mkoa mwingine. Namba za simu za watu watano ziandikwe kwa kalamu, maana simu ikizimika chaji hatujui namba ya mtu yeyote, hata ya mke. Na mtoto ajue, barabara zikifungwa, nani atamfuata shuleni na kama huyo hakufika anakwenda kwa nani.

Kuna wanaosikia haya na kukimbilia dukani kununua sukari katoni kumi. Huo si mpango. Mwaka 1983, wakati serikali ilipokuwa ikiwasaka wahujumu uchumi, nilikuwa mtoto wa miaka tisa, nimepanga foleni ya sabuni ya mche ambayo ilikatwa vipande ili kila mtu apate. Watu walitupa bidhaa usiku, kwenye mitaro na vichakani, kwa hofu ya kukutwa nazo. Sukari iliyofichwa ikayeyuka na mvua, na jirani alikuwa hana hata ya uji. Nunua kidogo kidogo wakati bei ni nzuri, mwezi wa sita na wa saba watu wanapovuna, si siku ambayo redio imetangaza uhaba. Ukinunua siku hiyo wewe ndiwe uhaba wenyewe.

Na msafara haukuvuka Mgunda Mkali mtu mmoja mmoja. Walitembea pamoja, kwa sababu mzigo wa mmoja ulikuwa pia chakula cha wengine. Kwa hiyo kwenye ukurasa wako acha mistari miwili chini. Mmoja uandike jina la jirani utakayemgongea mlango. Wa pili uandike jina la atakayekugongea wewe: bibi anayeishi peke yake, au yule kijana mgonjwa nyumba ya tatu. Yule muuza maandazi wangu nimemwandika kwenye mistari yote miwili.

Muda wetu umekwisha. Ukurasa huo usiukunje ukauweka kabatini, ubandike nyuma ya mlango wa jiko, mahali anapouona kila mtu, na uufute na kuuandika upya baada ya kila mavuno. Kama leo huna nguvu ya kuandika, basi fanya moja tu kabla hujazima taa: toka uani, viinue vile viti vya kibarazani, uvijaze maji.