Kipenga Kimoja, Pande Mbili za Mpaka
Hotuba ya dawati la polisi jamii katika hafla ya kumuaga mwamuzi wa mpira wa vijana



Tumekusanyika kumshukuru Mzee wetu, ambaye kwa zaidi ya miaka 20 amechezesha mechi za watoto na vijana katika uwanja huu. Ametuomba tusilichapishe jina lake katika jarida, kwa kuwa, kama asemavyo, mchezo ukienda vyema hakuna amkumbukaye mwamuzi. Tumemtii, ingawa hapa hakuna asiyemjua.

Mpaka wetu wa Uganda na Tanzania, kutoka Ziwa Victoria kuelekea magharibi, hufuata kwa sehemu kubwa mstari ulionyooka wa digrii 1 kusini mwa ikweta. Waliouchora hawakuuliza ni shamba la nani litakalokatwa, wala ni shangazi wa nani atakayebaki ng'ambo. Mwaka 1978 mstari huo ulivukwa kwa silaha, na wazee waliopo hapa wanaikumbuka vita ya Kagera. Katika ardhi hiyohiyo, Mzee huyu amekuwa akichora mistari yake kila Jumamosi asubuhi, kwa majivu aliyoyaomba katika majiko ya akina mama. Ndani ya mistari hiyo watoto wa Waganda, Wahaya, Wanyambo na Wanyankole wamekimbizana, wameangushana na kuinuana.

Mzee hupenda kuwaeleza vijana asili ya kadi anazobeba mfukoni. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1966 huko Uingereza, mwamuzi Mjerumani alimtoa nje nahodha wa Argentina, naye nahodha akagoma kwa muda mrefu kwa kuwa hawakuelewana lugha. Ken Aston, Mwingereza aliyesimamia waamuzi, akapata wazo kutoka katika taa za barabarani: njano ya tahadhari, nyekundu ya kusimama. Kadi hizo zilianza kutumika katika Kombe la Dunia la mwaka 1970 nchini Mexico. Mzee huwaambia vijana: “Sheria ni lazima ieleweke hata na asiyejua lugha yako.” Kwa watu wa mpakani, neno hilo si dogo.

Ndugu zetu, tungekuwa wanafiki kama tungemsifu bila kutaja siku ile ambayo wengi wenu mliiona. Ilikuwa fainali ya vijana kati ya timu ya upande huu na ya upande wa pili. Dakika zilikuwa zinayoyoma, mabao yakiwa sawa, Mzee alipopiga kipenga na kuonyesha penalti. Beki aliyeadhibiwa alikuwa mtoto wa mmoja wetu. Askari huyo, akiwa amevaa sare, aliuvuka mstari na kuingia uwanjani kudai uamuzi ubadilishwe. Mzee aliuchukua mpira akaukumbatia kwapani, akasema kwa sauti ya chini: “Afande, nje ya mstari huu nakutii. Ndani yake, nisaidie watoto hawa waone kwamba sheria ni moja.” Askari alisimama kitambo, kisha akatoka. Penalti ilipigwa, ikaingia, na timu ya nyumbani ikafungwa. Tulihofia mawe jioni ile. Hakuna aliyerusha hata moja, kwa sababu kila mtu alikuwa ameona mwenye sare akitii.

Kesho yake mwenzetu alikwenda kwa Mzee kuomba radhi. Jambo la pili wachache wanalijua. Jumamosi iliyofuata Mzee aliwakusanya vijana wa timu zote mbili, akawaambia kwamba amelitafakari tukio lile, na kwamba huenda kosa lilitendeka nje ya eneo la penalti. Matokeo hayakubadilika, kwani uamuzi wa mwamuzi uwanjani ni wa mwisho. Lakini katika sheria zote 17 za mchezo, hakuna inayomkataza mwamuzi kuomba radhi.

Nasi pia huamua mambo kwa kufumba na kufumbua: gari gani lisimamishwe, mzigo wa nani ufunguliwe, nani apite na nani asubiri. Ni mara ngapi tumemrudia raia tukamwambia kwamba tulikosea? Swali hilo tumelibeba tangu siku ile, na tunakiri mbele yenu kwamba jibu letu bado halitoshi.

Mwaka 2023 Kenya, Tanzania na Uganda zilikabidhiwa kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Vijana wetu wanaota viwanja vikubwa, na ni haki yao. Lakini kila mchezaji mkubwa alianzia mahali ambapo mtu fulani alikubali kutukanwa bila malipo ili mchezo uwe wa haki. Wazazi, tunawasihi: msimtukane mwamuzi mbele ya watoto. Vijana wa kiume na wa kike, Mzee yu tayari kuwafundisha sheria hizo 17. Njooni, kwani kipenga kinatafuta mrithi. Nasi tunaahidi kwamba siku za mechi tutakaa nje ya mstari kama watazamaji wengine, na hatutaingia mpaka mwamuzi atuite.

Mzee wetu, wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ndiyo maana tumesubiri mpaka umeweka kibuyu chini. Leo tunakusifu bila hofu. Pumzika, na Mungu akupe maisha marefu.