Kumchagua Mshauri Nasaha wa Mtandaoni: Maneno kwa Wakazi wa Dzaleka na Kauma



Leo hatukuja kuzungumzia wizi wa mifugo wala doria za usiku. Tumekuja kuzungumzia majeraha yasiyoonekana, na matapeli wanaoyageuza kuwa mtaji.

Kambi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza, ikakusudiwa kupokea watu wapatao 10,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Wamo waliovuka mpaka wa Songwe baada ya kuwazika ndugu zao, na wengine hawakupata hata nafasi ya kuwazika. Usingizi umewakimbia. Ndiyo maana baadhi yao wanatafuta mshauri nasaha kwa simu: aliye Nairobi au Kampala aweza kuwasikiliza kwa Kiswahili, pasipo mkalimani ambaye pengine ni jirani yao. Jambo hilo halina aibu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Hata hivyo, mtu usiyemwona sharti umhoji kabla ya kumfungulia moyo. Mwulizeni jina lake kamili, alikosomea, na chombo kilichomsajili. Nchini Kenya, kwa mfano, sheria ya mwaka 2014 iliunda bodi ya washauri nasaha na wanasaikolojia. Anayedai kufanya kazi huko atoe namba yake ya usajili, nayo ithibitishwe kwa bodi yenyewe. Picha ya cheti haitoshi.

Mwulizeni pia kama amewahi kuwahudumia watu waliopitia vita, ubakaji au msiba. Je, mazungumzo yanarekodiwa? Ni wakati gani atalazimika kuvunja siri? Mshauri wa kweli atasema wazi kwamba maisha yakiwa hatarini atatafuta msaada. Ada ni kiasi gani, na simu ikikatika itakuwaje? Nikizidiwa usiku, nawe uko mbali, utafanya nini? Asiyekasirishwa na maswali haya amekwisha kuonyesha nusu ya ustadi wake. Na mkishaanza, msipoelewana baada ya vikao vichache, mnayo haki ya kutafuta mwingine.

Jihadharini na anayeahidi kuponya kwa siku moja, anayedai fedha zote mapema kwa Airtel Money au Mpamba, au anayetaka namba ya siri na picha ya kitambulisho cha ukimbizi. Zaidi ya wote, mwepukeni anayesema barua yake itaharakisha safari ya kuhamia Marekani au Kanada. Huduma za UNHCR hazilipiwi. Anayeuza nafasi hiyo ni mwizi.

Mahali pa kuzungumzia napo pana uzito. Nyumba zetu zimebanana na kuta zina masikio. Tumieni visikilizi, chagueni saa ambayo watoto wako shuleni, na futeni ujumbe ikiwa simu inatumiwa na wengi.

Mshauri wa mbali hawezi kumshika mkono mgonjwa. Anayefikiria kujiua asisubiri miadi ya simu: apelekwe mara moja katika kituo cha afya cha Dzaleka, na walio Kauma waende hospitali iliyo karibu. Mjini Lilongwe, St John of God nao hutoa huduma za afya ya akili.

Aliyetapeliwa na afike kituoni, katika kitengo chetu cha kuwasaidia waathirika, akiwa na namba aliyoitumia fedha, tarehe na ujumbe wa malipo. Ili kuripoti utapeli, hana haja ya kutusimulia aliyomweleza mshauri. Hayo ni yake. Tunachokitafuta ni mwizi.