Baruti ya Bunduki Kubwa

Leo nimeombwa niseme habari za baruti, na hasa jinsi mtu anayejaza mwenyewe viasi vya bunduki kubwa ya kuwindia anavyochagua baruti ya kutia ndani. Huenda wengine wenu mtauliza, Yatufaa nini habari hizi, sisi tusio na bunduki kubwa? Subirini kidogo. Katikati ya maneno yangu limo jambo limhusulo kila mwenye gobore, na hata jirani yake.

Frederick Selous, yule mwindaji Mwingereza aliyeuawa vitani Beho Beho, upande wa mto Rufiji, tarehe 4 Januari 1917, na kuzikwa papo hapo, alifika Afrika ya Kusini mwaka 1871 akiwa kijana wa miaka 19. Siku zile aliwinda ndovu kwa bunduki ya kushindilia, na risasi zake za duara zilikuwa nne kwa ratili moja. Baruti aliichukua katika mfuko wa ngozi, akaiteka kwa mkono na kuimimina mtutuni huku akikimbia nyuma ya ndovu. Siku moja bunduki ilikataa kulia. Akampa mchukuzi wake, naye akashindilia kipimo cha pili juu ya kile cha kwanza. Ilipolia, Selous aliinuliwa akatupwa kifudifudi mchangani, bunduki ikamruka bega, na kitako chake kikavunjika vipande vipande. Lakini mtutu haukupasuka, na Selous akaishi miaka mingi baadaye.

Mtutu haukupasuka kwa sababu baruti ile ilikuwa nyeusi, yaani ya shura, makaa na kiberiti, na mtutu wenyewe ulikuwa mnene. Baruti nyeusi ina moshi mwingi na uchafu mwingi, lakini nguvu zake zina kiasi. Mwaka 1884 Mfaransa mmoja, Paul Vieille, alitengeneza baruti isiyotoa moshi, iliyofanywa kwa pamba iliyogeuzwa kwa asidi. Mwaka 1889 Waingereza wakapata yao, iliyoitwa kordaiti, ambayo umbo lake lilikuwa kama nyuzi au tambi ndefu. Ratili moja ya baruti hizi mpya ina nguvu kupita kabisa ratili moja ya ile nyeusi.

Basi hapa ndipo penye lile jambo nililowaahidi. Yuko mtu ambaye ana gobore la babu yake, na baruti nyeusi imemwishia. Anapata viasi viwili vitatu vya bunduki ya kisasa, anavifungua, anamimina baruti iliyomo, na kuipima kwa kile kile kipimo cha pembe alichozoea. Naye ajiona mwerevu. Gobore lile likipasuka, hupasukia kwenye shavu na mkono wa kushoto, na aliyesimama karibu naye huumia vile vile. Wala asiseme kwamba atatia nusu tu. Bomba la gobore halikufanywa kuvumilia msukumo wa baruti ya aina hii, hata ikiwa kidogo, na hapana mtu awezaye kumwambia kidogo hicho ni kipi.

Sasa turudi kwenye bunduki kubwa. Nitatwaa mfano mmoja, bunduki iitwayo .375 Holland & Holland Magnum, iliyotolewa London mwaka 1912, ambayo wawindaji wa Afrika ya Mashariki waliipenda sana na bado wanaipenda. Ganda lake ni refu, nalo hupungua upana polepole kutoka kitakoni hata shingoni, na karibu na kitako pana mshipi wa shaba nyeupe au njano uliotokeza nje. Umbo hili la kupungua halikuwa pambo. Lilisaidia kuingiza zile nyuzi ndefu za kordaiti, na tena hufanya ganda litoke kwa urahisi baada ya kulia, jambo ambalo mtu aliyekabiliwa na nyati hulithamini kuliko mapambo yote. Risasi zake za zamani zilikuwa za uzito wa namna tatu, grein 235, 270 na 300. Na mjue kwamba grein 7,000 hufanya ratili moja.

Watu hudhani kwamba baruti nzuri ni ile kali kabisa. Sivyo. Baruti isiyo na moshi hailipuki mara moja kama radi. Huungua kuanzia nje kwenda ndani, kama kuni. Mpishi ajua tofauti ya vijiti vya kuwashia na gogo la mkwaju. Vijiti huwaka ghafula na kwisha. Gogo huchelewa kushika moto, lakini likishika hudumu. Kadhalika mafundi wa baruti hufanya chembe ndogo na nyembamba zitakazo kuungua upesi, na nyingine nene zenye kuungua polepole. Nyingine huzifanya kama vijipande vya mwanzi vyenye tundu katikati, ili nje ipunguapo kwa kuungua, tundu la ndani lizidi kupanuka, na moto usififie. Nyingine hupakwa dawa juu ili mwanzo wake uwe wa taratibu.

Kwa nini apewe mtu taabu ya kuchagua? Kwa sababu risasi nzito haiondoki upesi. Risasi ya grein 300 ikisukumwa na baruti ya haraka, kama ile ya bastola, moto wote hutoka kabla risasi haijapata nafasi ya kwenda, na nguvu ile, isiyo na pa kukimbilia, hugeukia ganda, komeo, na uso wa mwenye bunduki. Baruti ya polepole kiasi humfuata risasi nyuma na kumsukuma njia nzima ya mtutu. Kwa hiyo ganda kubwa lenye risasi nzito hutaka baruti ya polepole, na katika.375 hiyo hiyo, risasi nyepesi ya grein 235 hupatana na baruti ya haraka kidogo kuliko ile ya grein 300. Lakini ikizidi upole, nayo hukosea: hujaa ganda tele, risasi hutoka mtutuni kabla baruti haijaisha, na kilichobaki huwa mwali na kelele nje ya mdomo wa bunduki.

Mimi napendelea baruti inayokaribia kujaza ganda hata chini ya risasi. Haitikisiki ndani, kwa hiyo fataki huiwasha namna moja kila mara, na risasi hupiga mahali pamoja. Tena ina faida nyingine, nayo ndiyo kubwa kwangu. Mtu akijisahau akamimina mara mbili, itafurika mezani na macho yataona. Baruti ya haraka ijazayo nusu tu ya ganda huingia mara mbili bila kusema neno. Kosa la mchukuzi wa Selous laweza kufanyika leo juu ya meza safi, chini ya taa, na mtu aliyesoma.

Nadhani mtasema basi heri kupunguza sana, kuwa salama. La. Baruti ya polepole ikitiwa kidogo mno katika ganda kubwa, imepata kuvunja bunduki pia. Vitabu vya watengenezaji wa baruti huandika kipimo cha kuanzia na kipimo cha mwisho, kwa kila risasi na kila baruti. Mtu huanza pale chini pa kitabu, si chini yake, na hupanda kidogo kidogo akitazama. Fataki ikitoka bapa mno, au komeo likawa zito kuinuka, amekwisha pita. Na kipimo alichopewa na rafiki kwa mdomo asikitumie mpaka akione kitabuni.

Liko na jambo la jua. Kordaiti ilichukia joto: kiasi kilichotulia katika baridi ya Uingereza kilizidi ukali katika jua la Afrika na Bara Hindi, na maganda yakakwama chembani. Ndiyo maana John Rigby, walipotoa .416 yao mwaka 1911, walifanya ganda kubwa kupita haja, ili msukumo ubaki chini hata katika nchi za joto. Kordaiti haitiwi tena katika viasi vya kuwindia, na baruti nyingine za leo zimefanywa zisijali sana joto. Lakini si zote. Mtu akijaza viasi vyake Ulaya mwezi wa Januari, theluji ikiwa dirishani, akavipandisha hata kipimo cha mwisho, kisha akavileta bondeni Ruaha mwezi wa Oktoba na kuviacha mbele ya motokaa juani, asistaajabu komeo likikataa kufunguka baada ya mlio wa kwanza. Na nyati aliyejeruhiwa hangoji mtu atafute nyundo. Heri apunguze kidogo tangu nyumbani. Nyati hatambui upungufu wa futi hamsini katika mwendo wa risasi.

Juu ya sheria sitasema mengi. Katika nchi kama Marekani na Afrika ya Kusini watu wengi hujaza viasi vyao wenyewe. Huko Marekani kazi hii ilienea sana baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, Bruce Hodgdon wa Kansas aliponunua baruti iliyobaki ya jeshi na kuwauzia wawindaji kwa bei nafuu. Penginepo pana masharti, na mtu aulize kwanza kwa wenye kutoa leseni, kabla hajanunua hata mizani.

Mwisho ni habari ya kuweka. Baruti ikae katika kopo lake ililonunuliwa nalo, mahali pakavu pasipo joto, mbali na jiko na watoto. Na mezani liwepo kopo moja tu, kwa kuwa baruti mbili zaweza kufanana kwa macho kama mapacha, moja ya bastola na moja ya ndovu. Kopo lisilo na jina halina kazi, hata likiwa limejaa na fedha zake zilikuwa nyingi. Baruti yake hutawanywa kidogo kidogo juu ya udongo wa bustani, mvua ikaiozesha, na mimea huipokea kama mbolea.