Habari Isiishie Kwenye Neno Moja: Ugaidi na Mizizi ya Mafundisho Yake

Mada iliyotolewa na ofisi ya miradi ya dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika, Mwamanyili, mkoani Simiyu



Mmezoea kutuona tukija hapa na mambo ya visima, mbegu na vikundi vya akiba. Leo tumekuja na jambo lisilo na bajeti, nalo ni namna tunavyopokea habari za mauaji ya kigaidi, hasa yale yanayofanywa na watu wanaoamini kwamba kabila lao au rangi yao ndiyo yenye haki ya kuishi mahali fulani. Ulaya na Marekani huitwa watu wa siasa kali za mrengo wa kulia. Kwetu hawana jina moja, lakini mafundisho yao yamepita katika nchi zetu.

Hoja yetu ni hii. Mara nyingi taarifa ya habari hutupa neno moja, na neno hilo hufunga mlango. Wakiuawa Waafrika wengi tunaambiwa "ukabila". Muuaji akiwa Mzungu tunaambiwa "kichaa". Akiuawa bibi kizee hapa Usukumani tunaambiwa "ushirikina". Tukishasikia neno hilo tunazima redio tukidhani tumeelezwa, kumbe hatujaelezwa ni nani alimfundisha muuaji, kwa maneno gani, na kwa faida ya nani.

Tuanze na jirani. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda, akitoka mkutanoni Dar es Salaam, ilitunguliwa karibu na Kigali. Katika siku zipatazo 100 zilizofuata waliuawa watu wapatao 800,000 kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa. Serikali ya Rwanda inahesabu zaidi ya milioni moja. Wengi wao walikuwa Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa mauaji. Vyombo vingi vya habari duniani viliyaita mapigano ya kikabila, kana kwamba ni mvua iliyojinyeshea yenyewe.

Haikujinyeshea. Gazeti la Kangura lilianza mwaka 1990, na Desemba ya mwaka huo lilichapisha amri kumi zilizomwita msaliti Mhutu yeyote anayeoa Mtutsi au kufanya naye biashara. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera aliuambia mkutano wa chama chake kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia fupi ya mto Nyabarongo. Redio RTLM ilianza kutangaza mwaka 1993. Ilipiga muziki mzuri na kufanya mizaha iliyowapendeza vijana, na katikati ya mizaha ikawazoesha watu kuwaita jirani zao mende.

Kwa nini Ethiopia? Hapa mzizi unatugusa sisi wa kando ya ziwa. Ghuba iliyo jirani yetu inaitwa Ghuba ya Speke. John Hanning Speke ni Mwingereza aliyefika Mwanza Agosti 1858. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 aliandika kwamba watawala wafugaji wa nchi za Maziwa Makuu ni kizazi kilichotoka Ethiopia, kilicho bora kuliko wakulima waliowakuta. Ilikuwa dhana tu. Hata hivyo wakoloni waliigeuza kuwa elimu, shule zikaifundisha, na katika miaka ya 1930 Wabelgiji wakaliandika kabila la kila mtu kwenye kitambulisho chake. Baadaye wenye chuki walihitaji kuongeza hatua mbili tu: kama ni wageni, basi ni wavamizi, na kama ni wavamizi, basi waondolewe.

Mto Nyabarongo huingia Kagera, na Kagera huingia katika ziwa letu. Mwaka 1994 maiti ziliteremka kwa njia hiyo hiyo hadi ziwani. Wananchi wa upande wa Uganda walizika maelfu, na watu wengi waliacha kula samaki. Dhana aliyoiandika mgeni aliyelitembelea ziwa hili ikarudi ziwani baada ya miaka 131, ikiwa imebeba maiti.

Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliutazama mzizi huo. Tarehe 3 Desemba 2003 iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa RTLM, pamoja na Hassan Ngeze wa Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu zao kuwa miaka 30, 32 na 35, lakini msingi ulibaki kwamba uchochezi wa mauaji kwa kalamu au kipaza sauti ni jinai. Mugesera naye alihukumiwa kifungo cha maisha nchini Rwanda mwaka 2016. Wala kanisa halikusalimika: Februari 2003 mahakama hiyo ya Arusha ilimtia hatiani mchungaji, Elizaphan Ntakirutimana.

Ndugu zetu wahisani, wakimbizi walipomiminika Ngara mwaka 1994 mlitoa kwa ukarimu. TCRS, shirika lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lilikuwa miongoni mwa waliowahudumia. Tunashukuru. Lakini maturubai yalifika baada ya maneno kumaliza kazi yake.

Sasa tulitazame neno "kichaa". Tarehe 22 Julai 2011 nchini Norway, nchi ambayo Wakristo wake ni marafiki wa makanisa yetu kwa miaka mingi, mtu mmoja alilipua bomu Oslo na kuua watu 8. Kisha alivuka hadi kisiwa cha Utøya akawaua watu 69, wengi wao vijana waliokuwa katika kambi ya chama cha Leba. Katika saa za kwanza wachambuzi kadhaa waliwaelekezea kidole Waislamu. Ilipojulikana kuwa muuaji ni Mnorwe, mazungumzo yakageukia akili yake. Madaktari wa kwanza walisema ni mgonjwa, wa pili wakasema ni mzima. Tarehe 24 Agosti 2012 mahakama iliamua kuwa ana akili timamu, ikampa miaka 21 inayoweza kuongezwa. Alikuwa ameandaa waraka wa kurasa 1,500 hivi, sehemu kubwa ameinakili kwa waandishi wengine, ukidai kwamba Waislamu wanaivamia Ulaya na viongozi wake ni wasaliti. Wavamizi na wasaliti: ni maneno yale yale yaliyotumika Rwanda.

Tarehe 17 Juni 2015 huko Charleston, Marekani, kijana Mzungu aliingia katika kipindi cha Biblia cha kanisa la watu weusi la Emanuel, akaketi nao, kisha akawaua 9. Aliwaambia kwamba watu weusi wanaichukua nchi yake. Kabla ya hapo alikuwa amepiga picha akiwa amevaa koti lenye bendera ya Rhodesia na ile ya Afrika Kusini ya ubaguzi. Kijana wa Marekani alitafuta mashujaa wake katika ukoloni wa bara letu. Na jambo hili tulipokee kwa unyenyekevu: alikuwa muumini wa usharika wa Kilutheri, na wachungaji wawili kati ya aliowaua walisoma katika seminari ya Kilutheri. Askofu Mkuu Elizabeth Eaton wa kanisa hilo alilisema waziwazi bila kumkana kijana huyo.

Tukija nyumbani tunakuta neno "ushirikina". Kuanzia mwaka 2007 mauaji ya watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa yalitangazwa dunia nzima. Wengi walisikia habari za Waafrika na uchawi wao, wakaishia hapo. Mwandishi Vicky Ntetema wa BBC hakuishia hapo. Mwaka 2008 aliwaendea waganga akijifanya mteja, akaonyesha kwamba viungo vya binadamu vilikuwa na bei, na ilimbidi kujificha kwa sababu ya vitisho. Watafiti nao walifuata nyayo hadi kwa wenye kutafuta bahati ya dhahabu na ya samaki. Vivyo hivyo kwa bibi zetu. Macho yao ni mekundu kwa moshi wa kuni na samadi waliopikia miaka yote, lakini mara nyingi nyuma ya tuhuma lipo shamba ambalo mtu analitaka. Neno ushirikina humficha mnunuzi, na humficha mrithi.

Tena sisi Wasukuma tunaijua ladha ya neno "wavamizi". Ndugu zetu waliohamia mabonde ya Usangu na Kilombero na ng'ombe wao wameitwa hivyo. Yapo matatizo ya kweli ya ardhi na maji, na sheria ina nafasi yake. Lakini mtu akishapewa jina hilo, watu huacha kuuliza ana watoto wangapi na wamelala wapi.

Kwa hiyo tunaziomba kamati zetu mambo matatu. Kwanza, habari ya mauaji ikifika, iwe kwa redio au kwa simu, tuulize: nani alifundisha, kwa maneno gani, nani anafaidika? Pili, waliouawa watangulie. Mwaka 2019, baada ya Waislamu 51 kuuawa misikitini Christchurch, Waziri Mkuu Jacinda Ardern wa New Zealand alikataa kulitamka jina la muuaji, kwa sababu umaarufu ndio aliokuwa akiutafuta. Nasi leo hatukuwataja wauaji wa Oslo na Charleston. Tatu, mtu akimwita jirani yake mdudu, mchawi au mvamizi, kwenye kikao, kwenye pombe au kwenye kundi la simu, mzee wa usharika asicheke wala asinyamaze. Amwulize palepale: umelitoa wapi neno hilo?

Marafiki wa ng'ambo, mnapouliza juu ya ushirikina wetu, nasi turuhusuni kuuliza juu ya vichaa wenu. Huenda tukagundua kwamba tunaugua ugonjwa mmoja. Yakobo, katika sura ya 3 ya waraka wake, alikwisha kutuonya juu ya ulimi. Kisima kikikauka, huchimbwa kingine. Jirani aliyeuawa kwa neno tulilolisikia tukanyamaza harudi.